Makrofaji na Kifua Kikuu: Mlinzi Anapogeuzwa Makazi ya Adui

Katika kliniki za kifua kikuu kuna swali ambalo wagonjwa huuliza mara kwa mara, na ambalo mara nyingi hujibiwa kwa amri badala ya maelezo. Mgonjwa ametumia dawa kwa mwezi mmoja au miwili. Kikohozi kimekoma, homa za jioni zimeondoka, na uzito umeanza kurejea. Anauliza: ikiwa nimepata nafuu kiasi hiki, kwa nini niendelee kumeza dawa hadi mwezi wa sita? Akiambiwa tu kwamba ndivyo mwongozo unavyoagiza, huenda akatii, na huenda asitii. Wanaoacha dawa katikati si wakaidi wote. Wengi huacha kwa sababu mwili wao wenyewe unawaambia kwamba ugonjwa umekwisha.

Jibu la swali hilo limo ndani ya seli moja ya mfumo wa kinga iitwayo makrofaji. Seli hii ndiyo ya kwanza kupambana na bakteria wa kifua kikuu anapoingia mapafuni, na ndiyo hiyohiyo ambayo bakteria huyo huifanya nyumba yake. Makala haya yanaeleza kazi ya makrofaji katika mwili wenye afya, namna bakteria wa kifua kikuu anavyoigeuza, na jinsi maarifa hayo yanavyotusaidia kuelewa mambo mengi tunayoyaona kliniki kila siku: urefu wa tiba, hatari inayowakabili watu wanaoishi na VVU, na hali ya wagonjwa wachache ambao huzidiwa baada ya kuanza dawa badala ya kupata nafuu.

Seli inayokula

Jina makrofaji linatokana na lugha ya Kiyunani, na maana yake ni "mlaji mkubwa". Aliyelitunga ni mwanasayansi Élie Metchnikoff, mzaliwa wa dola ya Urusi ya wakati ule. Mwaka 1882, akiwa mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, alichomeka miiba midogo ya waridi katika miili myangavu ya viluwiluwi vya kiti cha pweza. Kesho yake alipotazama kwa hadubini aliona seli zimejongea na kuuzunguka mwiba, kana kwamba zinataka kuumeza. Kutokana na tukio hilo alijenga hoja kwamba viumbe hujilinda kwa seli zinazokula vitu vigeni. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi, lakini mwaka 1908 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Mwaka huohuo wa 1882, tarehe 24 Machi, Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amemgundua bakteria anayesababisha kifua kikuu. Ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa kila tarehe hiyo. Mlinzi na adui walifahamika mwaka mmoja, ingawa ilichukua miongo mingi kuelewa kinachotokea wanapokutana.

Kazi zake katika mwili wenye afya

Makrofaji zina asili mbili. Baadhi hutokana na chembe nyeupe za damu ziitwazo monosaiti, ambazo huzaliwa katika uboho wa mifupa, husafiri ndani ya damu, kisha huingia katika tishu na kukomaa huko. Nyingine hupandwa katika viungo tangu mtoto akiwa tumboni mwa mama, na huendelea kujizalisha hapohapo maisha yote. Kila kiungo kina makrofaji zake zenye tabia inayolingana na mahali pale: ini lina seli za Kupffer, ubongo una mikroglia, na vifuko vya hewa vya mapafu vina makrofaji zinazosafisha vumbi, moshi na vijidudu vinavyoingia kwa kila pumzi.

Kazi ya kwanza ni usafi. Chembe nyekundu ya damu huishi kwa takribani siku 120. Inapozeeka, makrofaji za bandama na ini huimeza, huivunja, na kurudisha madini ya chuma ili yatumike kutengeneza chembe mpya. Wakati wa malaria kazi hiyo huongezeka maradufu, kwa sababu chembe zilizoshambuliwa na vimelea nazo huondolewa kwa njia hiyo. Hiyo ni sababu mojawapo ya bandama kuvimba kwa watoto wanaougua malaria mara kwa mara.

Kazi ya pili ni ulinzi. Makrofaji inapokutana na bakteria, utando wake hujikunja na kumzingira hadi afungwe ndani ya kifuko. Kifuko hicho kisha huungana na vifuko vingine viitwavyo lisosomu, vilivyojaa vimeng'enya. Ndani yake asidi huongezeka, kemikali zenye sumu humiminwa, na bakteria wengi hufa na kumeng'enywa.

Kazi ya tatu ni kutoa taarifa. Baada ya kummeng'enya adui, makrofaji huonyesha vipande vyake juu ya utando wake ili seli nyingine za kinga, hasa zile ziitwazo CD4, zimtambue. Pia hutoa protini za mawasiliano ambazo huleta homa, huita seli nyingine mahali penye maambukizi, na huagiza mwili ujiandae. CD4 nazo zikishatambua adui hutoa protini iitwayo interferoni gama, ambayo huirudia makrofaji na kuipa nguvu za ziada za kuua. Ni mazungumzo ya pande mbili: makrofaji huamsha CD4, na CD4 huitia nguvu makrofaji. Upande mmoja ukinyamaza, wa pili hudhoofika.

Kazi ya nne ni ukarabati. Vita vinapokwisha, makrofaji hubadili tabia, huondoa mabaki ya seli zilizokufa na kusaidia jeraha kufunga.

Kikulacho ki nguoni mwako

Bakteria wa kifua kikuu husafiri hewani ndani ya vitone vidogo sana ambavyo mgonjwa huvitoa anapokohoa au kuzungumza. Vitone hivyo hufika hadi katika vifuko vya hewa, na huko makrofaji humeza bakteria kama inavyomeza kijidudu kingine chochote. Hapo ndipo mambo yanapogeuka.

Bakteria huyu ana ukuta mnene wenye mafuta mengi ya aina ya nta. Baadhi ya molekuli za ukuta huo, ikiwamo iitwayo lipoarabinomanani, kwa kifupi LAM, huzuia kifuko alichofungwa ndani yake kuungana na lisosomu. Asidi haipandi inavyopaswa, vimeng'enya havifiki, na badala ya kumeng'enywa bakteria anaishi. Anapata chakula kutokana na mafuta ya seli yenyewe, na anagawanyika polepole, takribani mara moja kwa kila saa 20. Bakteria wengi wa kawaida hugawanyika katika muda usiofika saa moja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa usemi huo ni kweli neno kwa neno.

Mwili haukati tamaa. Makrofaji nyingine huitwa, hujipanga kuizunguka ile iliyoambukizwa, baadhi huungana na kuwa seli kubwa zenye viini vingi, na CD4 na seli nyingine hujenga uzio wa nje. Umbo hilo la duara huitwa granuloma, yaani kinundu, na jina la kitaalamu la kifua kikuu linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kinundu kidogo. Kwa watu wengi uzio huo hutosha. Bakteria hubaki wamezingirwa, wengine wakiwa hai lakini wamepunguza shughuli zao kana kwamba wamelala. Mtu huyo hajisikii mgonjwa, hakohoi, na hamwambukizi mwingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria huyu. Kati yao, asilimia 5 hadi 10 tu ndio wataugua katika maisha yao. Waliobaki wanalindwa na makrofaji zao na seli zinazoshirikiana nazo, bila wao kujua.

Uzio unapobomoka

Kifua kikuu hai hutokea pale uzio unaposhindwa. VVU ni sababu kubwa kuliko zote. Virusi hivyo huangamiza CD4, kwa hiyo makrofaji hukosa agizo la interferoni gama. Isitoshe, VVU huweza kuingia katika makrofaji zenyewe na kujificha humo. Granuloma hazijengeki vizuri, na bakteria husambaa kwenda kwenye tezi, ini, uti wa mgongo na utando wa ubongo.

Hali hiyo ina maana kubwa kwa mhudumu wa afya. Mashimo yanayoonekana kwenye picha ya eksirei ya mapafu, na wingi wa bakteria katika makohozi, hutokana kwa sehemu kubwa na mapambano makali ya kinga. Mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana huenda akawa na kifua kikuu kilichoenea mwilini ilhali eksirei yake haina shimo lolote na makohozi yake hayaonyeshi bakteria kwa hadubini. Kutoona si kutokuwepo. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, kipimo cha mkojo kinachotafuta LAM huwa na msaada mkubwa, pamoja na vipimo vya vinasaba vya bakteria. Molekuli ileile inayomsaidia bakteria kuiteka makrofaji ndiyo inayomfichua katika mkojo.

Sababu nyingine ya uzio kubomoka ni baadhi ya dawa. Protini iitwayo TNF, ambayo makrofaji huitoa kwa wingi, ni nguzo ya granuloma. Wagonjwa wa baridi yabisi na magonjwa fulani ya utumbo hutibiwa kwa dawa zinazozuia protini hiyo, mojawapo ikiwa infliximab. Mwaka 2001 madaktari nchini Marekani walichapisha taarifa za wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kupewa dawa hiyo, wengi wao ndani ya miezi michache tu. Tangu hapo, kuchunguza maambukizi ya kifua kikuu kabla ya kuanza dawa za kundi hilo kumekuwa sharti. Tahadhari inahitajika pia kwa wanaotumia dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu.

Kisukari kisichodhibitiwa, utapiamlo, ulevi na uvutaji wa tumbaku navyo hupunguza uwezo wa seli za kinga. Vumbi la silika lina namna yake ya pekee. Mchimbaji wa madini au mpasuaji wa mawe anapolivuta, makrofaji za mapafu humeza chembe zake, lakini haziwezi kuzimeng'enya. Chembe hizo hutoboa lisosomu, seli hufa, chembe zinaachiwa huru, na makrofaji nyingine inakuja kuzimeza nayo ikafa. Mapafu hujaa makovu na kubaki na ulinzi hafifu. Ndiyo maana katika maeneo ya migodi, kama Mirerani mkoani Manyara, kikohozi cha mchimbaji hakipaswi kuchukuliwa kuwa ni "vumbi tu". Vumbi na kifua kikuu mara nyingi hufuatana.

Ulinzi unapozidi kiasi

Ni kosa kudhani kwamba kinga ikiwa kali zaidi basi ni bora zaidi. Sehemu kubwa ya madhara ya kifua kikuu husababishwa na mapambano yenyewe. Makrofaji zinazokufa katikati ya granuloma huacha kitu laini cheupe kinachofanana na jibini. Kitu hicho kikiyeyuka na kupasukia katika njia ya hewa, shimo hubaki pafuni, na bakteria hupata mlango wa kutokea kwa kikohozi. Katika kifua kikuu cha utando wa ubongo, uvimbe unaotokana na kinga huweza kuua. Kwa sababu hiyo wagonjwa hao huongezewa dawa za steroidi za kutuliza kinga, sambamba na dawa za kuua bakteria.

Hapa pia ndipo penye maelezo ya jambo linalowatisha wagonjwa wengi. Mtu anayeishi na VVU anaanza dawa za kufubaza virusi akiwa pia kwenye tiba ya kifua kikuu. Baada ya wiki chache tezi zinavimba, homa inarudi, na kikohozi kinazidi. Familia husema dawa zimemdhuru. Kilichotokea, mara nyingi, ni kwamba CD4 zimeanza kurejea, zimeitia nguvu makrofaji, na sasa jeshi lililokuwa limezimia linawashambulia kwa ghafla bakteria na mabaki yao. Mgonjwa wa namna hii anahitaji kuchunguzwa upya, maana huenda pia ana usugu wa dawa au maambukizi mengine. Lakini hapaswi kuacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Arudi kituoni mara moja.

Mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za VVU zianzwe ndani ya wiki mbili baada ya kuanza tiba ya kifua kikuu, isipokuwa pale ugonjwa ulipofika kwenye utando wa ubongo, ambapo husubiriwa kati ya wiki nne na nane. Sababu ya kusubiri ni hiyohiyo: fuvu halina nafasi ya uvimbe.

Kwa nini miezi sita

Sasa tunaweza kulijibu swali la mgonjwa. Bakteria wa kifua kikuu hawako wote katika hali moja. Wapo wanaogawanyika kwa kasi ndani ya mashimo yenye hewa nyingi. Hao ndio wanaoleta kikohozi na homa, na hao hufa mapema, wengi katika siku na wiki za mwanzo za tiba. Wapo wengine waliomo ndani ya makrofaji, na wengine katikati ya granuloma, wasiogawanyika ila mara chache. Dawa nyingi hushambulia bakteria anapojijenga. Aliyelala hana anachojenga, kwa hiyo dawa lazima imsubiri hadi aamke.

Ndiyo maana tiba ya kawaida hutumia dawa nne kwa miezi miwili, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne. Kila moja ina nafasi yake. Isoniazidi huua upesi wale wanaogawanyika. Pirazinamidi hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye asidi, kama katika baadhi ya vifuko vya makrofaji na penye uvimbe. Rifampisini huwakamata wale wanaoamka kwa muda mfupi kisha wakalala tena. Ethambutoli huzuia usugu usijitokeze endapo dawa nyingine haifanyi kazi.

Ushahidi wa tiba hii una mizizi Afrika Mashariki. Zamani mgonjwa alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Majaribio yaliyoendeshwa kwa ushirikiano wa mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, ambayo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba kuongeza rifampisini au pirazinamidi kunawezesha tiba ya miezi sita, huku wagonjwa wachache zaidi wakirudiwa na ugonjwa. Baadaye Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma wa Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1977 na kujengwa kwa ushauri wa Daktari Karel Styblo, ukawa mojawapo ya vielelezo vya mkakati wa dunia wa kumsimamia mgonjwa anapotumia dawa.

Utafiti unaendelea kufupisha muda huo. Siku hizi watoto wenye kifua kikuu kisicho kikali huweza kutibiwa kwa miezi minne, na upo pia mchanganyiko mwingine wa dawa wa miezi minne kwa baadhi ya watu wazima. Lakini muda huamuliwa na aina ya ugonjwa na aina ya dawa. Hauamuliwi na kuisha kwa kikohozi. Anayeacha mapema huwa amewaua waliokuwa nje ya nyumba na kuwaacha waliomo ndani. Hao wakiamka huweza kurudisha ugonjwa, na pale dawa zilipotumiwa kwa kurukaruka, huenda wakarudi wakiwa sugu.

Ya kutekeleza

Kwa mgonjwa na familia: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho jingi la usiku au kupungua uzito ni sababu ya kwenda kupimwa. Anayeishi na VVU asisubiri wiki mbili. Kikohozi cha muda wowote kinatosha kumpeleka kituoni. Ukiwa kwenye tiba, nafuu ni dalili kwamba dawa zinafanya kazi, na ndiyo sababu ya kuziendeleza. Macho yakigeuka manjano, kuona kukififia au kutapika kukizidi, rudi kituoni upesi. Jihadhari na bidhaa zinazouzwa kwa ahadi ya "kuongeza kinga". Kinga dhidi ya kifua kikuu hutegemea uwiano, na hakuna bidhaa ya namna hiyo inayochukua nafasi ya dawa.

Kwa mhudumu wa afya: tiba ya kinga ya kifua kikuu, iwe isoniazidi kwa miezi sita au isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, huwapunguza bakteria waliolala kabla uzio haujabomoka. Wanaoishi na VVU na watoto wadogo walio nyumba moja na mgonjwa ndio wa kwanza kufikiriwa. Hakikisha kwanza kwamba mtu hana ugonjwa hai, maana kumpa mgonjwa dawa moja au mbili tu ni kualika usugu. Chanjo ya BCG apewayo mtoto mchanga huzuia hasa aina kali za utotoni, kama ile ya utando wa ubongo. Haimwondolei mtu mzima haja ya kupimwa.

Na mgonjwa akiuliza kwa nini miezi sita, mweleze kwamba dawa zimeshawaua waliokuwa wakimkohoza. Waliobaki wamejificha ndani ya seli za mwili wake mwenyewe, wamelala, na huamka mmoja mmoja. Dawa inapaswa kuwapo siku ambayo wa mwisho wao ataamka.